Kumwita ndege kirukanjia kwa spika usiku: ipigwe marufuku?

Mlinzi wa Majani: Wadau, hili limenikera muda mrefu. Kirukanjia wa milimani, huyu wa misitu ya Usambara, mchana hutulia chini kwenye majani makavu na unaweza kumpita hatua mbili usimwone. Usiku ndipo hukamata nondo na mbawakawa hewani. Sasa waongoza watalii wanamchezea rekodi ya sauti yake mpaka atokeze apigwe picha. Yeye anadhani dume jingine limemvamia, anaacha kuwinda aje kulifukuza. Marufuku, hasa msimu wa kutaga. Watu wanauza msitu kwa bakshishi!

Mkwezi: Chunga mdomo, ndugu. "Wanauza msitu" ni nani? Mimi ni mwongozaji. Mwenye msumeno akiingia usiku, sisi tulioko humo ndio tunaomsikia kwanza. Wewe umeshalala msituni?

Mama Zai: Jamani, hoja ni spika. Kirukanjia hajengi kiota, yai lake moja au mawili liko chini peupe. Kundi zima likimfuata gizani, nani anaangalia anakokanyaga?

Kigogo: Mnamlilia ndege wa usiku? Bibi yangu alisema akilia karibu na nyumba, jiandaeni na msiba.

Mama Zai: Imani hizo ndizo zinazofanya apigwe mawe! Hata Wagiriki wa kale walimsingizia. Mwanafalsafa wao Aristotle aliandika kwamba hunyonya mbuzi, kumbe mnyonge wa Mungu anafuata wadudu wanaozunguka mifugo.

Kigogo: Bibi yangu mwache. Hakuwahi kumrushia jiwe. Alimwogopa, kwa hiyo alimwacha alie zake. Nyinyi mnaompenda ndio mnamsumbua usiku kucha.

Mlinzi wa Majani: Kigogo kasema kweli kabisa.

Mkwezi: Na magari je? Ndege huyu hupenda kutua barabarani usiku, taa zikimmulika anaduwaa, gurudumu linapita. Wenye magari hamwagusi, ila sisi tunaotembea kwa miguu ndio wabaya.

Mama Zai: Hapo nakuunga mkono. Njia za msituni zifungwe usiku.

Kigogo: Zifungwe! Mgonjwa apitie wapi?

Mlinzi wa Majani: Mkwezi, mgeni mmoja unamchezea rekodi mara ngapi?

Mkwezi: Futa kwanza neno bakshishi, ndipo nikujibu.