Vifungio vyepesi vya skii kwa kupanda milima: gramu 150 au 350?

Mkazi wa Innsbruck

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Innsbruck, Austria. Baada ya misimu minne ya kuteleza kwenye miteremko yenye lifti, msimu huu nimeanza kupanda kwa miguu yangu mwenyewe katika bonde la Sellrain, skii zikiwa zimebandikwa chini ngozi za kupandia, yaani vitambaa vinavyozizuia zisirudi nyuma. Vifungio vyangu, vile vinavyoshika buti kwenye skii, ni vya fremu, yaani fremu nzima huinuka pamoja na kisigino kila ninapopiga hatua, na kimoja kinazidi kilo moja. Nikipanda mita 1,000 mapaja huwa yamekwisha kabla sijafika juu. Nina uzito wa kilo 74, na soli ya buti langu ina urefu wa milimita 302. Dukani nimeonyeshwa vifungio vya pini vya aina mbili: vya mashindano, vyenye gramu 150 hivi kila kimoja, na vya kawaida, vyenye gramu 350 hivi. Je, nichukue vile vyepesi kabisa?

Fundi wa karakana, Grenoble

Ndugu yangu, kabla ya kutoa fedha, geuza buti ulitazame. Mbele, karibu na vidole, lazima kuwe na vishimo viwili vya chuma, kimoja kila upande, na kisiginoni kuwe na kipande cha chuma chenye mianya ya kupokea pini mbili za nyuma. Kama havipo, itakubidi ununue na buti. Mfumo huu aliubuni Fritz Barthel, wa huko huko kwenu, mkoa wa Tirol, katika miaka ya 1980, na uzuri wake ni kwamba unapopanda, buti hucheza kwenye pini za mbele tu, huku sehemu ya nyuma ikibaki imetulia juu ya skii.

Kuhusu swali lenyewe, nakusihi uchukue vya gramu 350. Vifungio vingi vya mashindano vina nguvu ya kuachia mguu iliyokwisha kupangwa kiwandani, wala huwezi kuibadilisha, ilhali mtu wa uzito na soli kama zako, asiyekwenda kasi kupita kiasi, kwa kawaida hupangiwa kipimo cha kuachia kati ya 6 na 7. Kifungio kisipoachia wakati wa kuanguka, goti ndilo linalolipa. Gramu 400 utakazoongeza kwa miguu yote miwili ni kidogo mno ukilinganisha na zaidi ya kilo moja unayoiondoa kwa kuachana na fremu.

Mama wa Valais

Nakubaliana na fundi, nami naongeza suala la breki, yaani vijiti vinavyoisimamisha skii iliyochomoka mguuni, kwa kuwa vifungio vya mashindano aghalabu havina. Msimu wangu wa pili skii ilinichomoka kwenye theluji ngumu kama sakafu, nikaisikia ikivuma bondeni, na chini yangu kulikuwa na watu watatu wanapanda. Mungu aliwanusuru. Wapo wanaotumia kamba ya kufungia skii mguuni, lakini theluji ikiporomoka, skii iliyofungwa mguuni humvuta mtu chini, kwa hiyo mimi nimechagua breki na uzito wake.

Jambo jingine ni barafu. Theluji hushindiliwa chini ya springi za mbele ikaganda, na hapo mikono ya kifungio haifungi sawasawa hata kama mlio umeusikia. Mimi huikwangua kwa ncha ya fimbo, kisha nikishaingiza buti huinua kisigino na kukishusha mara tano au sita ili pini zisage barafu iliyomo kwenye vishimo, na ndipo ninapofunga.

Mkazi wa Innsbruck

Ahsanteni sana. Buti nimelitazama, na vyuma vyote vipo. Naomba kuuliza: wenzangu huivuta juu ile wenzo ya mbele, kile kimkono kilicho mbele ya kifungio, wakati wa kupanda. Je, na wakati wa kushuka iachwe hivyo?

Fundi wa karakana, Grenoble

Hapana, ndugu. Ikivutwa juu hufunga pini za mbele zisifunguke, jambo linalofaa unapokata mteremko mkali wakati wa kupanda, lakini ukishuka nayo hivyo kifungio hakitaachia mguu inavyotakiwa. Ukifika juu, bandua ngozi, geuza sehemu ya nyuma, ingia, kisha hakikisha kwa macho kwamba wenzo iko katika nafasi ya kuteleza. Mashimo ya skrubu yatobolewe na fundi mwenye kiolezo cha kifungio hicho hicho, na kipimo cha kuachia kipangwe ukiwa umelipeleka buti lako.