Kituo cha hija na masomo ya dini mbalimbali Yerusalemu: mahujaji wamekatika, kiendeshwe vipi?

Katibu_wa_Bodi

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Na kwa ndugu zetu Waislamu mliomo humu, asalaam aleikum.

Naomba ushauri wa vitendo. Kuna kituo kilimani kati ya Yerusalemu na Bethlehemu: vitanda 40, kanisa dogo, maktaba, jiko la kulishia kundi zima, na mizeituni kidogo. Kazi zake ni mbili: kupokea mahujaji, na kuendesha vikao ambamo Wakristo, Waislamu na Wayahudi husoma maandiko pamoja. Tangu Oktoba 7, 2023, Hamas waliposhambulia Israeli na vita vikaanza, makundi yanaahirisha tu. Yakianza kurudi, linazuka jingine: Mei 2025 kombora likaanguka jirani na uwanja wa ndege wa Ben Gurion na mashirika mengi yakasitisha safari, Juni vikaja vita na Irani, anga ikafungwa. Nusu ya wafanyakazi wanaishi Bethlehemu, na vibali vya kuvuka kizuizi havitabiriki.

Kwenye bodi wapo wanaosema tufunge mpaka amani irudi. Wengine wanataka tuendelee kama zamani, Mungu atatoa. Mimi nataka namba: kituo kitupu kinakula kiasi gani, jengo lisilo na wageni litunzweje lisioze, na masomo yaendeshwe vipi watu wakiwa na hasira na misiba?

Mhasibu_Mstaafu

Milele amina, Katibu. Nianze na hao wa kufunga: wameshapiga hesabu ya kufunga? Kwa sheria ya Israeli mfanyakazi akiachishwa kazi anadai kiinua mgongo, mshahara wa mwezi mmoja (ule wa mwisho) kwa kila mwaka aliotumika. Mpishi wa miaka 20 ni mishahara 20, na kama bodi zilizopita hazikuwa zikichangia mfuko kila mwezi, zote zinatoka mkupuo mmoja kwenye akiba hiyohiyo mnayoitegemea. Mlinzi, bima na paa vinabaki palepale. Na habari ya kungoja amani, waulize kuhusu jirani yenu Tantur, ile taasisi ya masomo ya Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Wazo lilitoka kwa Papa Paulo VI baada ya kukutana na Patriaki Athenagoras wa Waorthodoksi huko Yerusalemu, Januari 1964. Vita vya 1967 vikachelewesha ujenzi, wakafungua 1972, na mwaka uliofuata vita vingine vya Oktoba.

Sasa hesabu. Hizi ni za mfano, wekeni zenu. Tuseme gharama za mwezi zisizojali mgeni yupo au hayupo ni shekeli 120,000. Mgeni wa kundi analipa 260 kwa usiku, kifungua kinywa na chakula cha jioni humohumo. Chakula, dobi na maji ya moto vinakula 90, zinabaki 170. Gawanya 120,000 kwa 170, unapata malazi 706 kwa mwezi. Vitanda 40 kwa siku 30 ni 1,200, kwa hiyo lazima mjaze kama asilimia 59 ili msiingie hasara tu. Vitani hamuioni hiyo. Mkifunga ghorofa moja au mbili na wafanyakazi wakagawana zamu, tuseme gharama zinashuka hadi 70,000: sasa mnahitaji malazi 412, asilimia 34. Ongeza wakaaji wa muda mrefu 10, mwanafunzi au mtafiti anayejipikia, analipa 130 na anawagharimu 40. Kwa mwezi ni 27,000. Kilichobaki kinajazwa na makundi mawili ya watu 20, siku sita au saba kila moja. Hilo linawezekana hata mwaka mbaya.

Mitego ninayoiona mara kwa mara:

Wakikosa mahujaji, vituo vinageukia wageni wa ndani na kuwatoza bei ileile. Mtalii wa nje kwa kawaida halipi VAT ya malazi, mwenyeji analipa, na tangu Januari 2025 ni asilimia 18. Bei ya 260 yenye VAT ndani inawaachia kama 220 tu.

Wanaofika vitani ni waandishi wa habari na watu wa misaada. Wanalipa vizuri, lakini kila mita ya mraba inayokodishwa kibiashara ina hoja yake kwa manispaa. Mgogoro wa 2018, uliofanya Kanisa la Kaburi Takatifu lifungwe kuanzia Februari 25 hadi 28, ulikuwa juu ya hilohilo: manispaa ilisema msamaha wa kodi ya majengo ni wa nyumba za ibada, si wa biashara za makanisa. Pimeni kanisa, madarasa na vyumba vya wageni kila kimoja peke yake, michoro iwe kwenye faili kabla hamjaulizwa.

Kianzio cha kundi lililoahirisha si mapato. Kikae akaunti yake. Kituo kinachokula vianzio vya mwaka kesho kinajikuta kinalisha kundi lisilolipa kitu, maana lilishalipa na hela ikaliwa.

Fedha za wafadhili zenye masharti (za maktaba, za ufadhili wa wanafunzi) msizikope kulipa umeme, hata kwa wiki mbili. Andikeni barua kuomba sharti lilegezwe. Wafadhili wengi hukubali wakiulizwa mapema, na hukasirika wakigundua wenyewe.

Mishahara ni ya shekeli, michango ni ya dola, na mwaka 2025 shekeli ilipanda. Mkipokea dola, badilisheni ya miezi mitatu papo hapo, msicheze kamari.

Na msitegemee mchango wa Ijumaa Kuu kwa Nchi Takatifu. Asilimia 65 inakwenda kwa Wafransisko wanaotunza mahali patakatifu, 35 Vatikano kwa ajili ya Makanisa ya Mashariki. Kituo kisicho chao kinaomba kama mwombaji mwingine yeyote.

Fundi_Bomba

Mhasibu kasema mfunge ghorofa. Sawa, lakini ipi? Msichague kwa uzuri wa vyumba. Yerusalemu king'ora kikilia mna kama sekunde 90 kufika mahali salama, na nyumba za mawe za zamani hazina vyumba vya kujihami. Sheria ya kuvijenga ilikuja baada ya vita vya Ghuba vya 1991. Shika saa, mpe mtu mzima mwenye fimbo atembee kutoka kila mlango hadi kwenye handaki, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Vyumba vinavyopita sekunde 70 ndivyo vya kufunga. Handakini wekeni lita 3 za maji kwa mtu kwa siku, za siku tatu, na viti vyenye mgongo.

Kufunga ghorofa ni kufunga kweli: zima valvu ya ghorofa, fungua koki ya chini kabisa, maji yote yatoke. Kinachoua ni kufunga nusunusu, bomba limejaa maji ya vuguvugu hayatembei. Kati ya nyuzi 20 na 45 bakteria wa Legionella wanastawi, na mgeni wa kwanza mzee akioga anavuta ule mvuke, anapata nimonia. Kwa vyumba visivyofungwa wala kulaliwa, kila wiki achia kila koki na bafu dakika 3 hadi 5, baridi kisha moto. Fungua kwanza kichwa cha bafu ukitoe, maji yashuke bila kurusha matone hewani. Tanki la maji ya moto liwe nyuzi 60, kwenye koki yasipungue 50.

Matangi ya paa: kama mnayo matano na wanaolala ni sita, tengeni manne, mbaki na moja, maji yabadilike kila siku mbili tatu. Hita za jua nazo, kiangazi nyumba ikiwa tupu zinachemka mpaka valvu ya usalama inatema maji mchana kutwa. Zifunikeni kwa turubai.

Harufu ya choo kwenye vyumba vilivyofungwa haitoki kwenye bomba bovu. Ule mkunjo wa chini ya sinki na tundu la sakafuni umekauka, hewa ya mtaro na mende wanapanda. Mimina maji, halafu nusu kikombe cha mafuta ya kupikia juu yake, yazuie maji kukauka. Kazi ya dakika moja kwa chumba.

Jenereta liwashwe kila mwezi dakika 30 likibeba mzigo, walau theluthi ya uwezo wake. Kuliwasha tupu kunajaza masizi kwenye egzosti, na siku ya siku linazima. Tanki la dizeli liwe limejaa, nafasi tupu ndiyo inayofanya maji. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya mvua za kwanza, Oktoba.

Ustadhi_wa_Mwambao

Waalaikum salaam, Katibu. Nitasemea masomo.

Vitani, kikao hakivunjwi na aya. Kinavunjwa na picha. Mfadhili anataka kuona shehe, rabi na padri wameshikana mikono, mnaweka mtandaoni, kesho yule kijana wa Bethlehemu anaitwa msaliti kwao, na yule Myahudi anaulizwa na jamaa zake alikuwa wapi wakati wenzake wanazika. Hawarudi. Kanuni ya kwanza iwe hakuna picha za nyuso, hakuna kurekodi, na mfadhili aambiwe hivyo kwenye mkataba. Ripoti yake iwe ya vikao na idadi ya watu.

Pili, watu wakiwa na msiba mbichi, msianze nao chumba kimoja. Wahat al-Salam, kile kijiji cha Wayahudi na Waarabu kwenye ardhi ya monasteri ya Latrun, shule yao ya amani huwa na vikao vya kila upande peke yake sambamba na vile vya pamoja. Fanyeni viwili vitatu kila upande kivyake, kisha cha pamoja. Mkibana ratiba mkaruka hatua hiyo, cha pamoja kitageuka mahakama.

Tatu, mahali. Bethlehemu iko Eneo A, yaani chini ya Mamlaka ya Palestina, Mwisraeli haruhusiwi na sheria yake kuingia; Mpalestina wa huko hapiti kuja Yerusalemu bila kibali. Kituo chenu kikifikiwa na upande mmoja tu wiki hiyo, ahirisheni au mwende mtandaoni, msifanye nusu kikao mkakiita cha pamoja. Siku zinazofaa ni Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi watu wa Shabato washaanza maandalizi, Ijumaa ni ya kwetu, jioni inakuwa yao, Dominika yenu. Ramadhani usipange jioni kabisa.

Kikao chenyewe: watu 8 hadi 12, aya zisizozidi 15, nakala za Kiarabu na Kiebrania kila mtu mezani kwake. La kuanzia ni wageni wa Ibrahimu: Mwanzo 18, Adh-Dhariyat aya ya 24 hadi 30, na Waebrania 13:2. Kila mtu anajua alivyopokewa mgeni kwao. Mjadala unaingia kwenye chakula kabla ya siasa. Utaona mtu anabishana na mwenzake kuhusu ndama tu: Mwanzo wageni wanamla, kwenye Qurani wanawekewa na Ibrahimu anawaambia, mbona hamli? Hapo wanasoma. Maandiko ya ardhi na ahadi yawekeni miezi ya mbele, na msimamizi asiwe mgeni kutoka nje aliyefika jana.

Mratibu_wa_Hija

Kwa makundi ya kutoka huku kwetu: andikeni kwenye mkataba neno kuahirisha, na tarehe ya mwisho ya kuamua, siku 21 kabla ya safari, maana baada ya hapo tiketi zinaungua. Viza za Waafrika Mashariki zianze miezi mitatu kabla. Muwe na programu ya akiba ya Yordani, siku tano, kituo kikitoa wahadhiri hata kama hakitoi vitanda: Mlima Nebo, ramani ya mozaiki ya Madaba, Mukawir alikokatwa kichwa Yohane Mbatizaji, na Al-Maghtas mtoni. Daraja la mpakani likifunguka mnavuka, lisipofunguka hija imefanyika.

Na kozi ya Kiswahili kwa makatekista na viongozi wa hija inakosekana sana. Kanisa la Mt. Anna karibu na Lango la Simba liko mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita Mapadri Weupe, tangu 1878. Bwawa la Bethzatha la Yohane 5 liko uani kwao. Somo kama hilo linafundishika kwa sauti ya dakika 10 kwenye WhatsApp, kisha maswali ya moja kwa moja saa moja. Majira ya joto saa zao na zetu ni zilezile, majira ya baridi sisi tuko mbele saa moja. Ada ipitie akaunti ya jimbo, wakusanye kwa simu, watume mara moja kwa muhula. Mkikusanya mmojammoja kutoka nje, makato yanamaliza ada.

Katibu_wa_Bodi

Mungu awabariki. Mawili yamebaki. Maktaba iko ghorofa ambayo kwa kipimo cha sekunde inatakiwa kufungwa. Na kizuizi kikifungwa alfajiri, anayejua boila yuko Bethlehemu.

Fundi_Bomba

Maktaba usizime. Ghorofa ifungwe maji, umeme ubaki. Nunua kipima unyevu cha bei ndogo, unyevu usipite asilimia 60. Januari ukuta wa mawe unatoa jasho na ukungu unaanzia vitabu vya safu ya chini nyuma. Vuta rafu sentimita 10 kutoka ukuta wa nje, na siku kavu fungua madirisha mawili yanayotazamana saa sita mchana, si asubuhi.

Boila: watu wawili kila upande wa kizuizi wajue kuiwasha. Waandikie hatua kwenye karatasi ngumu, kwa Kiarabu, pamoja na picha ya kila valvu ikiwa na namba ya rangi, uibandike ukutani. Kisha siku ya kawaida mwambie yule fundi wa Bethlehemu akae kwake, sista aiwashe peke yake kwa kusoma karatasi. Atakapokwama, hapo ndipo pa kuongeza maelezo.

Mhasibu_Mstaafu

Na huyo fundi alipwe siku za kizuizi. Iwekeni kwenye ile 70,000.