Waliojizuia kura UN niwahesabu vipi? Naomba ushauri

Wakuu, napanga jedwali la misimamo ya nchi kuhusu vita vya Ukraine, na safu ya waliojizuia inanigomea.

Chukua azimio la Baraza Kuu la 2 Machi 2022, lililoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine: ndiyo 141, hapana 5, waliojizuia 35. Jumla 181, wakati wanachama ni 193. Wale 12 hawakupiga kura kabisa, na wengi wetu huwatupa kapu moja na waliojizuia. Kosa hilo. Venezuela ilikuwa imepoteza haki ya kura kwa malimbikizo ya michango, Ibara ya 19 ya Mkataba wa UN. Huo si msimamo, ni deni.

Kenya na Rwanda zilisema ndiyo. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Nikiwapa waliojizuia nusu alama (ndiyo moja, hapana sifuri), Tanzania inaangukia katikati kabisa ya Marekani na Urusi, na kura yenyewe haijasema hivyo.

Halafu uzito wa kujizuia hubadilika ukihama chumba. Baraza Kuu, theluthi mbili huhesabiwa kwa ndiyo na hapana tu. Baraza la Usalama zinatakiwa ndiyo 9 kati ya 15, kwa hiyo kujizuia kunaweza kuangusha azimio bila mtu kugusa kura ya turufu (veto).

Maswali: nitenge safu nne bila alama yoyote? Na maelezo ya kura ambayo mabalozi husoma kabla au baada ya kupiga, mnayapangaje bila kuingiza hisia zenu? Mwenye jedwali lake tayari anioneshe vichwa vya safu tu.