Mshale unasema 100, simu inasema 94, nishike ipi?

Gia_ya_Tano:
Wakuu habari, naombeni msaada maana hili linaniumiza kichwa. Barabara ikinyooka, mshale wa dashibodi ukikaa 100 programu ya GPS kwenye simu inaonyesha 94, nikishuka 60 simu inasema 56 hivi, nikisukuma 120 inasema 113. Yaani dashibodi iko juu muda wote, haijawahi kuwa chini. Tairi ni saizi ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Sasa spidomita ndo imekufa au simu inadanganya?

Mzee_wa_Spana:
Spidomita yako nzima kabisa mkuu, imewekwa hivyo makusudi. Kuna kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inayofuatwa na nchi nyingi, inasema spidomita hairuhusiwi kuonyesha pungufu ya spidi halisi hata kidogo, kuzidisha ruksa ila isizidi asilimia 10 ya spidi halisi ukiongeza na kilomita 4 kwa saa. Ukiwa kwenye 94 ya kweli dashibodi inaruhusiwa kusoma mpaka 107, we iko 100 unalalamika nini 😂

Lami_Kavu:
Mi simu siiamini hata kwa dawa. Ukiingia handakini inaganda, ukikanyaga mafuta inakuja kushtuka baadaye, afu nasikia GPS inakosea mpaka mita 5 na zaidi, sasa kitu hakijui hata uko upande gani wa barabara kitajuaje spidi?

Mzee_wa_Spana:
@Lami_Kavu hapo umechanganya mambo mawili. Mahali ulipo inaweza kukosea mita kadhaa kweli, ila spidi vipokezi vingi havipimi kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo, vinaangalia jinsi masafa ya mawimbi ya satelaiti yanavyobadilika kwa sababu unatembea, ndo maana spidi inatoka safi hata kama kile kidoti kwenye ramani kinayumbayumba. Kuchelewa ni kweli, simu nyingi zinasoma mara moja kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa unaongeza au unapunguza mwendo usilinganishe chochote. Spidi ikae palepale, anga liwe wazi, ndo usome. Mlima wala usikutishe, hata mwinuko wa asilimia 10 unabadilisha spidi ya simu kwa nusu asilimia tu.

Rimu_Kubwa:
Watu wa kuogopa ni sisi tuliobadilisha tairi. Gari ikitoka kiwandani na tairi saizi 205/55R16 ukaifunga 215/60R16, kipenyo cha tairi kinaongezeka kwa kama asilimia 5, kila mzunguko unakula barabara zaidi ila kompyuta ya gari haina habari, inahesabu mizunguko ileile. Ile akiba ya juu inaliwa karibu yote, unaona 100 na uko karibu 100 kweli, na kamera haijui habari za rimu zako. Tairi likiisha ni kinyume, linapungua kipenyo kama asilimia 2 kutoka jipya mpaka kipara, mshale unazidi kupanda.

Gia_ya_Tano:
Asanteni wakuu, nimeelewa. Ila sasa mita ya kilomita nayo si itakuwa inanizidishia? Nanunua gari kuukuu afu kumbe imetembea kidogo kuliko inavyosema?

Mzee_wa_Spana:
Hapana, magari mengi zile kilomita ziko karibu sana na ukweli, kinachozidishwa ni spidi inayoonyeshwa kwa dereva tu. Ukichomeka kidude cha OBD chini ya usukani ukasoma spidi ya kompyuta yenyewe, mara nyingi utakuta inakaribia ya simu kuliko ya mshale. Kama huna, tafuta barabara yenye vibao vya kilomita, weka kruzi (gari ishike spidi yenyewe) mshale ukiwa 100, abiria ashike saa kwa kilomita 10. Kama simu iko sawa itachukua dakika 6 na sekunde 23 hivi, kama mshale ndo uko sawa ni dakika 6 kamili.

Lami_Kavu:
Hiyo ya vibao naikubali, haina satelaiti 😅

Rimu_Kubwa:
Upime upepo wa tairi kwanza lakini, na saa ashike abiria kweli, sio wewe.