Naomba ushauri: je, mdogo wangu amevunjiwa haki yake ya kikatiba?

Kaka wa Sahare (mwanzisha uzi)
Wanajukwaa, salamu. Ninaishi Tanga mjini, na hii ni wiki ya pili sipati usingizi. Mdogo wangu wa tumbo moja, mvuvi wa Sahare, alikamatwa Ijumaa saa nane mchana, akawekwa mahabusu katika kituo kimoja cha polisi hapa mjini hadi Jumatatu saa sita mchana, alipoachiwa bila kufikishwa mahakamani na bila kusomewa shtaka lolote. Hizo ni saa 70. Simu yake ilichukuliwa, na anasema askari alizisoma jumbe zake, hadi za mkewe. Ninataka kujua jambo moja tu: je, haki zake za kikatiba zimevunjwa, na kama zimevunjwa, tunaweza kwenda Mahakama Kuu?

Mtoto wa Ngamiani
Zimevunjwa, mgosi, wala usiulize mara mbili. Katiba inasema saa 24. Mimi mwenyewe niliwahi kulala mahabusu kwa sababu ya baiskeli niliyoinunua bila risiti, na mpaka leo nikiona baiskeli nyekundu ninavuka barabara. Sikushtaki kwa uoga wangu, nawe usiige mfano huo.

Karani Mstaafu
Ndugu yangu wa Ngamiani, Katiba haitaji saa 24 mahali popote. Saa hizo zimo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na hata humo hazijasimama peke yake: mtu aliyekamatwa bila hati ya kumkamata, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani katika muda huo, mkuu wa kituo anapaswa kulitazama shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Katiba, katika ibara ya 15, inasema kwamba mtu hatakamatwa wala kufungwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kwa hiyo utaratibu ukirukwa, ibara ya 15 inaguswa. Ila hatuwezi kujua kama ulirukwa kabla ya kuambiwa alituhumiwa kwa kosa gani. Mwanzisha uzi hakulitaja.

Mzee wa Raskazone
Vijana wa leo wanaizungumzia haki kama maji ya bomba. Hati ya Haki, yaani sehemu inayoorodhesha haki za msingi, iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitumia Machi 1988, hivyo sisi wengine tulikuwa na watoto tayari kabla mtu hajaweza kwenda kortini na ibara mkononi. Nakumbuka tulivyozungumza kuhusu shauri la Daudi Pete, ambamo Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana watu wa makosa fulani, kwa hoja kwamba sheria inayopunguza haki isiwe ya kionevu, na isikate zaidi ya inavyolazimu. Lakini Katiba hiyohiyo, kuanzia ibara ya 25, ina wajibu pia, na hakuna anayefungua uzi kuuliza kuhusu wajibu.

Binti Chumbageni
Mzee, shikamoo. Nitauliza la Karani kwa namna nyingine: mlalamikaji alikuwa nani?

Kaka wa Sahare
Kosa lilikuwa wizi wa mashine ya boti, ile aliyoiacha marehemu baba. Mdogo wangu alikuwa ameshapokea malipo ya awali kwa mtu wa Pangani. Mlalamikaji ni mtu wa familia. Sidhani kama hilo linabadilisha hesabu ya saa.

Binti Chumbageni
Mtu gani wa familia?

Kaka wa Sahare
Ni mimi. Nilikwenda kutoa taarifa ili mashine isivuke kwenda Pangani, sikwenda ili alale ndani. Jumamosi asubuhi askari wa zamu alinipigia simu akaniuliza kama niko radhi atoke kwa dhamana, nikajibu kwamba akae hadi Jumatatu apate adabu kidogo. Naomba msinihukumu kwa hilo. Sikuwa na ufunguo wa mahabusu, na shauri hili ni kati ya mdogo wangu na dola. Isitoshe, nimeshampa mtu mmoja anayeandika hati nje ya mahakama shilingi laki moja na nusu, na ameniambia kesi ni nyepesi.

Mtoto wa Ngamiani
Mgosi! Umemfunga wewe, halafu unataka Serikali ikulipe nauli.

Mzee wa Raskazone
Damu nzito kuliko maji, na mashine ya boti si nzito kuliko damu. Nenda kwa mama yako kwanza.

Kaka wa Sahare
Mama hali chakula ninachompelekea. Nikiweka sahani anaisogeza kando ya mkeka na kuifunika kawa, kisha anamwita mtoto wa jirani aje aile. Ndiyo maana ninataka mahakama itamke kwamba kosa lilikuwa la kituo.

Binti Chumbageni
Sasa tumefika penye swali lenyewe, na naomba tusilipoteze kwa kumzomea. Mlalamikaji si askari wala hakimu, na hakuna sheria inayompa ridhaa ya kuamua nani atoke kwa dhamana ya polisi. Ikiwa kweli askari aliacha kulitazama shauri kwa vigezo vya kisheria akampigia mlalamikaji simu kuomba ruhusa, basi uhuru wa kijana ule haukuzuiwa kwa utaratibu wa sheria, ulizuiwa kwa hasira ya kaka yake. Kwa jicho langu hapo ndipo haki ilipovunjika, hata kuliko katika zile saa 70. Wewe ulishauri, kituo kikakubali kushauriwa. Jibu lako lisingekuwa na nguvu yoyote kama lisingepokelewa.

Karani Mstaafu
Ninakubaliana na dada, na ninaongeza la simu: ibara ya 16 inalinda mawasiliano binafsi, ingawa polisi wanaweza kuchukua kitu kama kielelezo kwa kufuata sheria, ndiyo maana lazima muulize kama aliandikiwa stakabadhi. Lakini haki kuvunjika ni jambo moja, na mlango wa kuingilia ni jingine. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, yaani Sura ya 3 ya Sheria za Tanzania, inaizuia Mahakama Kuu kuendelea na shauri la namna hii ikiwa ipo njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Njia hiyo ipo: madai ya kawaida ya kuwekwa kizuizini kinyume cha sheria, baada ya kuipa Serikali notisi ya siku 90. Tena marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mwombaji aeleze kwa kiapo jinsi uvunjaji ulivyomgusa yeye binafsi. Wewe haukukugusa. Hati aliyokuandikia huyo wa laki moja na nusu, kama ina jina lako, sidhani kama itafika mbele ya majaji watatu wanaosikiliza mashauri ya namna hii.

Kipepeo wa Pangani
Samahani, ninyi nyote mmeingizwa darasani. Ijumaa ili wikiendi ipite, simu iliyosomwa, mlalamikaji aliye ndugu, dhamana iliyokataliwa, na mwisho swali “je, haki zimevunjwa?” Hili ni swali la semina ya wanafunzi wa sheria, na Karani ameshalijibu lote. Mtu aliyekosa usingizi husema siku tatu, hasemi saa 70.

Mtoto wa Ngamiani
Kama ni semina, naomba maksi za baiskeli yangu.

Karani Mstaafu
Hata kama ni semina, sheria ni ileile. Lakini sasa nami nina shaka.

Kaka wa Sahare
Saa sikuzihesabu mimi. Mama alihesabu vipindi 14 vya swala, kuanzia alasiri ya Ijumaa hadi alfajiri ya Jumatatu, na kila kipindi alinitumia mtoto aje kuniuliza kama nimekwenda kituoni. Mimi nilizigeuza kuwa saa kwa aibu. Anayetaka ushahidi akaitazame mashine, ambayo bado ni kielelezo: imelazwa chini ya mwarobaini uani kwa kituo, propela imefungwa kamba ya katani, na kuku wa askari wanalala juu yake. Mdogo wangu alitoka akiwa amevaa kandambili za mtu mwingine, zote mbili za mguu wa kushoto.

Kipepeo wa Pangani
Kandambili nimeziamini. Ninaomba radhi.

Binti Chumbageni
Basi tuulize lile ambalo hakuna aliyeuliza. Mdogo wako mwenyewe anataka nini?

Kaka wa Sahare
Nilimfuata jana jioni akishona nyavu. Nilimsomea maelezo ya Karani yote, naye hakuinua macho. Mwishoni aliuliza kama kiapo hicho kitamtaja mtu aliyesema akae hadi Jumatatu. Nikamwambia kwamba kitamtaja. Akasema nimtafutie msaidizi wa kisheria asiye na malipo, na kwamba atakwenda kesho akitoka baharini.

Karani Mstaafu
Mpeleke, kisha wewe ukae nje.