Naomba ushauri: dola 300 zimefika 372, nitoe kiasi gani?

Mgeni_Sokoni
Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Niko Nakuru, ninafanya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, jozi ya euro na dola peke yake, kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Niliweka dola 300 na sasa akaunti ina 372. Rafiki mmoja ananihimiza nitoe zile 300 zote ili nibaki na faida tu, na mwingine anasema nisiguse chochote. Kila mara ninafungua biashara ya loti 0.01 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara) na kuweka kikomo cha hasara, yaani bei ambapo biashara hujifunga yenyewe, umbali wa pipu 30 (pipu ni hatua ndogo ya bei). Wenye uzoefu, nielekezeni.

Bahari_Tulivu
Ndugu, kabla ya kutoa fedha, piga hesabu ya kile kitakachobaki. Katika jozi hiyo, loti 0.01 ina thamani ya senti 10 za dola kwa kila pipu, kwa hiyo kikomo chako kinahatarisha dola 3, yaani chini ya asilimia 1 ya akaunti yako ya sasa. Ukibaki na 72, dola 3 zilezile zinakuwa zaidi ya asilimia 4, na kwa kuwa madalali wengi hawapokei loti ndogo kuliko hiyo, utalazimika kusogeza kikomo karibu mno na bei, mahali ambapo mtikisiko wa kawaida tu utakutoa sokoni. Ukipata hasara kumi mfululizo, jambo linaloweza kumpata hata mtu makini, 372 itashuka hadi 342 na utahitaji faida isiyofika asilimia 9 kurudi ulipokuwa. 72 itashuka hadi 42, na hapo utahitaji zaidi ya asilimia 71. Ushauri wa rafiki yako unapendeza masikioni, lakini unakuacha na akaunti dhaifu.

Mzee_wa_Chati
Nakubaliana na hesabu hiyo, ila wanaosema usitoe kitu wanasahau kwamba fedha iliyoko kwa dalali inabeba hatari ya dalali mwenyewe. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro moja, bei iliruka vikomo vya hasara vya watu wengi, wateja wakajikuta na madeni, na kampuni ya Alpari ya Uingereza ikafilisika. Mimi ningetoa nusu ya faida kila mwisho wa mwezi wenye faida, na mwezi wa hasara nisitoe wala nisiongeze.

Bi_Daftari
Kaka, kwanza jaribu kutoa kiasi kidogo, hata dola 20, uone kama mlango wa kutokea unafunguka. Jina la akaunti lazima lilingane na la laini yako ya simu au la benki, na madalali wengi hurudisha fedha kwa njia uliyowekea. Kama ulipokea bonasi, soma masharti yake, kwa sababu baadhi huzuia utoaji mpaka ufikishe idadi fulani ya loti. Mtu akikuambia ulipe kwanza «kodi» au «ada ya kufungulia» ndipo upewe fedha yako, huyo ni tapeli. Usimtumie hata shilingi. Angalia pia ada: ikiwa inakatwa kwa kiwango kimoja kila unapotoa, kutoa kidogo kidogo kutakula faida.

Mgeni_Sokoni
Nashukuru sana. Nitaanza na dola 36 na kuacha loti ilivyo. Kuna biashara moja bado iko wazi. Ni lazima niifunge kwanza?

Bahari_Tulivu
Si lazima, lakini unachotoa kinapunguza fedha huru, yaani ile isiyoshikiliwa kama dhamana, inayobeba biashara hiyo ikienda vibaya. Kwa loti 0.01 pengo litakuwa dogo. Hata hivyo mimi husubiri ifungike, kisha ndipo ninaomba fedha.