Dhoruba ya vumbi ikikukuta haiwei ya Phoenix kwenda Tucson (Arizona, Marekani) unafanyaje?

Mgeni_wa_Arizona: Wakuu habarini, mwezi wa nane tunaenda harusini Tucson tukitokea Phoenix, garini niko na mama mkwe na watoto, sasa shemeji ananiambia huo msimu vumbi linanyanyuka ghafla mpaka boneti yako mwenyewe huioni. Likinikuta nasimama au natembea polepole na hazadi?

Dereva_Mkongwe: Tembea tu mkuu, washa hazadi na taa zote, ukisimama utagongwa kwa nyuma.

MamaKigoma: Hapana kaka, hapo kwenye hazadi nakataa kabisa, hii ni roho za watu. Ukiona ukuta wa vumbi unakuja toka barabarani mapema, eksiti ikiwepo ingia, kama hakuna sogea pembeni mbali na lami kadiri unavyoweza. Halafu ZIMA taa zote, hazadi pia, vuta hendibreki na utoe mguu kwenye breki ili taa nyekundu za nyuma zisiwake. Anayekuja nyuma haoni kitu, akiona taa zako anajua ndo barabara ilipo anazifuata anakuja kukuvaa, na huko malori ni mengi mno. Mikanda msifungue, funga vioo na hewa ya nje isiingie maana udongo wa huko una fangasi wanaoumiza mapafu.

Jangwani_Tu: Mama kamaliza. Msimu rasmi wa mvua za radi ni tarehe 15 Juni mpaka 30 Septemba, wingu la radi likimwaga mvua hewa ya baridi inaporomoka chini kwa kasi halafu inasambaa mbele na kubeba vumbi la mashamba na jangwa, ndo maana mara nyingi linakuja mchana kuelekea jioni, nyie ondokeni asubuhi. Pabaya zaidi njiani ni kati ya Eloy na Picacho Peak, wameweka mitambo ya kunusa vumbi kama kilomita 16, vibao vinashusha spidi toka maili 75 mpaka 35, ukiona vimeshuka tii hata kama mbingu nyeupe.

Mgeni_wa_Arizona: Asanteni sana. Na kama pembeni hapatoki, mfano juu ya daraja?

MamaKigoma: Hapo tu ndo unawasha taa, unapunguza mwendo, unafuata mstari wa katikati na kupiga honi mara mojamoja mpaka upate pa kutokea. Ukipapata tu, zima.